Kujaza gesi ya AC ya gari nyumbani: pima kwa mizani, geji peke yake haitoshi

Baridi_ya_Pwani (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Joto la Dar limeanza kukaza na simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: AC ya gari haipoozi, nijaze gesi mwenyewe? Kazi yangu ni AC za magari, na kwenye simu huwezi kumweleza mtu akaelewa yote. Nimeona niweke uzi mmoja kamili, aulize anayetaka kuuliza, na mafundi wenzangu waongeze.

Jibu langu ni ndiyo, mtu makini anaweza kujaza mwenyewe. Ila kabla hujanunua kopo, elewa jambo moja. Gesi ya AC haiungui wala haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto ndani ya gari, inakwenda kulitupa kwenye kondensa mbele ya rejeta, inarudi tena. Gari la zamani litapoteza kidogo kidogo kwa miaka kupitia hozi za mpira na oili sili ya kompresa, hilo halina shida. Lakini gari lililojazwa Novemba, Januari linatoa hewa ya moto, hilo linavuja mahali. Mwenye gari anayejaza kila baada ya miezi miwili anamwaga hela, na kibaya zaidi anaiua kompresa. Oili inayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua sana, oili hairudi inavyotakiwa, chuma kinaanza kula chuma.

Sasa, je, ni gesi kweli? Washa gari, AC baridi ya mwisho, feni ya mwisho, fungua boneti utazame kompresa. Puli inazunguka muda wote injini ikiwaka, lakini ile sahani ya mbele, klachi, inatakiwa ishike izunguke nayo. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, hapo mshuku gesi pungufu. Isiposhika kabisa, inaweza kuwa fyuzi, relei, waya, au gesi imeisha yote na swichi ya presha imekata umeme ili kompresa isizunguke kavu. Hiyo swichi inakulinda. Ukimwona mtu anataka kuiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya, mzuie. Na zipo kompresa za kisasa zisizo na klachi kabisa, puli na shafti vinazunguka pamoja, kwa hizo jicho halitakwambia kitu.

Kama AC inapooza ukiwa barabara kuu, ukifika foleni ya Ubungo inatoa joto, anza na feni ya kondensa. Haizunguki au inazunguka kivivu. Kama hewa inatoka baridi lakini kidogo, fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, toa kichujio cha hewa. Nimeshatoa vilivyojaa majani na viota vya panya. Na kondensa yenyewe ikiwa imezibwa na tope na wadudu, ioshe kwa maji ya presha ndogo, usikunje mapezi yake. Magari mengi sana yanayoletwa kwangu "yamekwisha gesi" yanapona hapa bila kuongezwa hata gramu moja.

MamaProbox (Morogoro)

Asante sana kaka, kumbe kichujio kipo pale, sikuwahi kujua. Nimebadilisha na upepo umeongezeka, ila baridi bado. Klachi inashika na kuachia kama ulivyoeleza. Dukani nimeona kopo lenye hozi fupi na geji ndogo ya rangi. Muuzaji anasema nikijaza mpaka mshale uingie kijani basi, nimemaliza. Ni kweli?

Baridi_ya_Pwani

Dada, hapo kwenye kijani ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ile geji inasoma upande mmoja tu, wa presha ndogo, na haijui kuna gesi kiasi gani ndani. Fikiria mtungi wako wa gesi ya kupikia. Ukiwa umejaa au umebaki robo, moto wa jiko ni ule ule. Unashtukia tu umeisha. Ndiyo maana ukitaka kujua umebaki kiasi gani unaupima kwa mizani. Gesi ya AC ina tabia hiyo hiyo. Maadamu kuna kimiminika ndani, presha inafuata joto na haifuati wingi. Gari lililozimwa likapoa likiwa na R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, hewa ikiwa nyuzi 25 geji itasoma karibu psi 82 (psi ni kipimo cha presha, kama cha tairi), nyuzi 30 karibu 97. Itasoma hivyo iwe mna gramu 200 au gramu 600. Kwa hiyo fundi anayechomeka geji gari likiwa limezimwa, akasema "gesi ipo ya kutosha", amethibitisha tu kwamba ipo.

AC ikiwa inafanya kazi geji inasema mengi zaidi, lakini hata hapo presha ndogo inapanda na kushuka kwa sababu nyingi. Feni ya kondensa mbovu inaipandisha. Kichujio kilichoziba kinaishusha, na ikishuka hivyo halafu ukajaza mpaka kijani, umezidisha gesi. Ikizidi, kondensa inajaa kimiminika, presha kubwa inapaa, kompresa inahema, na baridi inapungua badala ya kuongezeka. Mtu anaona bado haipoozi, anaongeza kopo la pili. Nimeona kompresa nzuri zikifa hivyo.

Kipimo cha haki ni gramu. Fungua boneti, tafuta karatasi iliyobandikwa chini yake au karibu na rejeta. Kwenye gari la kutoka Japani maandishi mengi yatakuwa ya Kijapani, lakini HFC-134a (ndiyo R-134a) na namba yenye g au kg vinasomeka. Magari madogo mengi huwa kati ya gramu 350 na 550, yale makubwa yenye AC ya nyuma yanaweza kufika gramu 900 na kupita. Kwa gari la gramu 400, ukikosea kwa gramu 100 umekosea robo nzima. Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja inatosha kabisa.

Bin_Kisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nilibadilisha kondensa wiki hii, ile ya zamani ilitobolewa na jiwe. Mfumo uko mtupu. Nina geji za hozi tatu, na jirani ana pampu ya vakyumu ataniazima. Nielekeze tafadhali, kwa utaratibu, kuanzia mwanzo.

Baridi_ya_Pwani

Waaleikum salaam ndugu yangu. Wewe uko kwenye hali bora kuliko wote kwenye uzi huu. Mfumo mtupu ndio unaoweza kujazwa nyumbani sawasawa, kwa sababu unajua umeanzia sifuri.

Bomba nene linalorudi kwenye kompresa ndilo la presha ndogo, kifuniko chake kina herufi L. Hapo hozi ya bluu. Bomba jembamba ni la presha kubwa, H, hozi nyekundu. Midomo yake haifanani, wa L ni wa milimita 13 na wa H milimita 16, kwa hiyo kiunganishi kikikataa kuingia usikilazimishe, umekosea upande. Hozi ya njano ya katikati nenda nayo kwenye pampu.

Fungua bomba zote mbili za geji, yaani vile vifungulio viwili vya bluu na nyekundu, washa pampu, iache ivute dakika 30 hadi 45. Mombasa na unyevu wenu, mimi ningekwenda saa nzima. Vakyumu inatoa hewa, na inachemsha maji yaliyonasa ndani yageuke mvuke na kutoka. Maji yakibaki yanaganda kwenye valvu ya upanuzi, ile njia nyembamba gesi inapopita kabla ya kupoa, AC inapooza kidogo kisha inakata, na yakichanganyika na gesi na oili yanaleta asidi inayokula mabomba kwa ndani. Kama mfumo ulikaa wazi tangu jiwe lilipotoboa, badilisha na draya, ile chupa au mfuko wa kunyonya unyevu. Kwenye magari mengi ya sasa iko ubavuni mwa kondensa, na kondensa mpya mara nyingi huja nayo.

Ukimaliza kuvuta, funga bomba za geji kwanza, ndipo uzime pampu. Kaa nusu saa bila kugusa. Mshale ukipanda, kuna tundu au bado kuna maji. Usijaze. Tafuta kwanza.

Mshale ukitulia, hamisha hozi ya njano uiweke kwenye kopo. Ndani ya hozi hiyo kuna hewa. Fungua kopo, kisha legeza kidogo nati ya hozi pale kwenye geji mpaka usikie fyuu ya sekunde moja, kaza. Weka kopo juu ya mizani, likiwa wima, andika uzito. Injini ikiwa imezimwa fungua bomba ya bluu, vakyumu itavuta sehemu ya gesi yenyewe. Ikisita, washa gari, AC ya mwisho, mizunguko kama 1500 kwa dakika, milango wazi, endelea kulisha kupitia bluu.

Bomba nyekundu inabaki imefungwa kuanzia hapo mpaka mwisho. Hili naomba lisomwe mara mbili. Kompresa ikifanya kazi, upande wa H unaweza kuwa na psi 200 hadi 250 kwa joto letu. Ukiufungua ukielekea kopo, presha hiyo inarudi ndani ya kopo na kopo linapasuka mkononi.

Kopo likiwa wima linatoa mvuke. Ukiligeuza chini juu injini ikiwaka linatoa kimiminika, na kompresa haikuundwa kukandamiza kimiminika, valvu zake zinavunjika. Kopo litapoa na kupunguza kasi. Liweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ya kuvumilika na mkono, ukilipima ulitoe na kulifuta. Jiko, mkaa, maji yanayochemka, hapana.

Gramu zikifika, funga bluu. Presha ndogo ikiwa kati ya 30 na 45, kubwa kwenye 200 na kitu, na kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati kikishuka chini ya nyuzi 10 au hapo karibu, umemaliza. Siku ya unyevu mwingi gari likiwa limesimama itasoma juu kidogo ya hapo, usiongeze gesi kwa sababu hiyo.

Kingine, ulipobadilisha kondensa uliondoka na oili iliyokuwa ndani yake. Rudisha kiasi kinachotajwa na kitabu cha gari, aina ile ile, kabla ya vakyumu. Chupa ya oili ya PAG, oili ya kompresa za kawaida za AC, ikifunguliwa inanyonya unyevu wa hewani, ifunge mara moja na usitumie iliyokaa wazi.

Nyanda_za_Juu (Mbeya)

Mkuu nina swali kuhusu vakyumu. Nimesoma kwamba mshale lazima ufike 29 na nusu au 30. Pampu yangu ni mpya, oili yake mpya, na haipiti 25. Nimeirudisha dukani wakasema nzima. Nani mkweli?

Baridi_ya_Pwani

Duka liko sahihi, mkuu. Hizo 29 na nusu ni za kwetu huku usawa wa bahari. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa iliyoko nje, na Mbeya mko mita 1700 juu, hewa ya nje ni nyepesi. Kila mita 300 unazopanda, kama inchi moja ya zebaki inapungua kwenye geji. Kwako kufika 24 au 25 maana yake umevuta karibu yote. Nairobi ni hivyo hivyo, Arusha watapata kidogo zaidi. Pampu nyingi nzuri zinatupwa nyanda za juu kwa sababu ya namba hii.

Mzee_wa_Sindano (Tanga)

Vijana wangu, nimewasoma wote.

Baridi_ya_Pwani

Shikamoo mzee. Karibu, tulikuwa tunakungoja.

Mzee_wa_Sindano

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri, nitaongeza mambo ya gesi yenyewe.

Mimi nilianza tukijaza R-12, ile iliyokuwa inakula tabaka la ozoni. Dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 iondolewe, na kufika katikati ya miaka ya 1990 viwanda vya magari vilikuwa vimehamia R-134a. Siku zile gesi tuliimwaga hewani bila kujua. Ukilegeza hozi, fyuuu, ndiyo ilikuwa kazi. Leo hii 134a haigusi ozoni, lakini inashika joto la dunia mara 1430 kuliko hewa ukaa, uzito kwa uzito. Gramu 500 ukiziachia hewani ni sawa na kilo 715 za hewa ukaa. Ndiyo sababu nchi zilikutana tena Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii pia. Gari likiwa na gesi ndani na linahitaji kufunguliwa, lipelekeni kwa fundi mwenye mashine ya kuvuta na kuhifadhi. Msifungue nati.

La pili, gesi ya uongo. Nawaomba mniamini. Ipo mitungi imeandikwa R-134a na ndani siyo. Wengine wanaweka propeni, gesi ya kupikia, kwa sababu inapooza vizuri na ni rahisi kupatikana. Inapooza kweli, lakini evaporeta, sehemu inayopooza hewa, iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako. Ikitoboka, chumba cha gari kinajaa gesi inayowaka, na swichi yoyote inaweza kutoa cheche. Familia yako imo humo.

Mbaya zaidi ni R-40. Hiyo inashambulia aluminiamu, na mabomba ya AC ya gari karibu yote ni aluminiamu. Inazaa kitu kinachowaka kikikutana na hewa tu, bila kiberiti. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi iliyochanganywa na hiyo yalilipuka Vietnam na Brazil yakaua mafundi. Walikuwa mafundi kama sisi, wanafanya kazi yao ya kila siku.

Njia ya maskini ya kukagua mtungi ni hii. Uache kivulini usiku mzima. Alfajiri soma joto la hewa, kisha chomeka geji. Nyuzi 25, 134a inasoma karibu 82. Ikisoma zaidi ya mia, mmeuziwa kitu kingine au kimechanganywa na hewa. Kwa nyuzi 30, propeni inakaribia 140 na R-22 ya friza na AC za nyumba inakaribia 158, wakati 134a ni 97. Si kipimo cha mwisho, maana mchanganyiko unaweza kuiga, na R-40 haiko mbali, lakini kinawakamata wengi. Anayejaza magari kila siku anunue mashine ya kutambua gesi.

Mswahili_wa_Houston (Texas)

Heshima kwako mzee. Huku Marekani makopo ya 134a ya gramu 340 yako kwenye rafu za maduka makubwa, mtu yeyote ananunua, kwa sharti kwamba kopo dogo liwe na valvu inayojifunga yenyewe. Sheria hiyo ni ya tangu mwaka 2018. Majira ya joto ya Texas majirani zangu wote wanajaza wenyewe.

Naomba niwatahadharishe kwa jambo moja, kwa kuwa haya makopo nayaona yakisafirishwa nyumbani ndani ya makontena ya vifaa. Mengi yameongezewa dawa ya kuziba matundu. Soma kopo zima kabla. Ile dawa ikikutana na hewa au unyevu inaganda, na inaweza kuganda ndani ya valvu ya upanuzi au ndani ya mashine ya fundi atakayelihudumia gari baadaye. Mafundi wengi huku wanapima kwanza, wakiikuta wanakataa gari. Nunua kopo lenye gesi tupu.

Halafu magari mapya ya huku na Ulaya hayatumii tena 134a, mengi yanatumia R-1234yf. Ulaya tangu 1 Januari 2017 gari jipya haliruhusiwi kuwa na gesi inayozidi kipimo cha 150 cha kushika joto, kwa hiyo 134a yenye 1430 imetoka. Hiyo mpya inawaka kidogo, midomo yake ni tofauti, na nyuzi za mtungi wake zinazungushwa kinyume ili mtu asichanganye. Ukiagiza gari la miaka ya karibuni kutoka Uingereza, soma karatasi ya boneti kwanza. Msitengeneze viunganishi vya kulazimisha.

Abu_Salma (Muscat)

Salaam aleikum. Hizo presha zenu ni za nyuzi 30. Sisi Oman kiangazi ni nyuzi 45 kivulini. Nikiona 300 upande wa H nishtuke?

Baridi_ya_Pwani

Waaleikum salaam, Abu Salma. Kwa nyuzi 45 hata gari likiwa limezimwa tu litasoma karibu psi 153, kwa hiyo 300 likifanya kazi, limesimama, si ajabu. Mwagia kondensa maji kidogo au weka feni kubwa mbele yake. Presha ikishuka vizuri, mfumo uko sawa, ni jua tu. Ikigoma kushuka, kuna gesi ya ziada, hewa ndani, au kondensa imeziba. Kama unaweza, jaza alfajiri, na fuata gramu.

Kabete_Boy (Nairobi)

Wadau, habari zenu. Mimi nina Aqua haibridi, mama watoto ana Fielder ya kawaida. Nilitaka ninunue kopo moja lenye gesi na oili niwagawie wote wawili. Iko sawa?

Baridi_ya_Pwani

Hapana ndugu, tafadhali usifanye hivyo kwenye Aqua.

Fielder ya kawaida kompresa yake inazungushwa na mkanda, inatumia oili ya PAG. Kompresa ya haibridi inazungushwa na mota ya umeme iliyo ndani yake, na oili pamoja na gesi vinapita moja kwa moja kwenye nyaya za mota hiyo. Betri kubwa ya Aqua ya kizazi cha kwanza ni volti 144, ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni volti 201.6. Oili yake ni ya aina ya POE, Toyota wanaiandika ND-OIL 11, isiyopitisha umeme. PAG ikiingia, hata kidogo, kinga ya umeme inashuka, gari linaona umeme unavujia kwenye bodi, linawasha taa na linaweza kukataa kuwaka. Kuisafisha PAG yote ni kazi ya kutoa kompresa na mabomba.

Hata hozi za geji zilizotumika kwenye Fielder zina mabaki ya PAG ndani. Fundi wa haibridi anakuwa na hozi zake za pekee. Mimi ushauri wangu kwa haibridi na magari ya umeme ni kwamba kazi ya gesi usiifanye nyumbani. Kichujio badilisha, kondensa osha, basi. Nyaya za rangi ya chungwa, za umeme wa betri kubwa, usiziguse.

MamaProbox

Kaka, na mimi ambaye gesi imepungua lakini haijaisha? Sina pampu. Na tundu nalitafutaje?

Baridi_ya_Pwani

Dada, kwako kuna njia ya sawasawa na njia ya kujishikiza. Ya sawasawa ni fundi mwenye mashine aivute gesi iliyobaki, aipime, atafute tundu, avute vakyumu, arudishe gramu zote. Ya kujishikiza ni kuongeza kidogo kidogo upande wa L, gramu 30 hadi 50 kwa wakati mmoja kwa mizani, unangoja dakika chache, unatazama klachi na kipimajoto. Klachi ikiacha kukatakata na hewa ikipoa, simama hapo hapo, hata kama kopo lina gesi. Bora pungufu kidogo kuliko kuzidi. Vaa miwani ya kazi na glavu. Kimiminika cha 134a kikitoka kinachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, jicho likipata hapo ni hospitali. Fanyia nje, asiwepo anayevuta sigara, maana gesi hii ikipita kwenye moto inatoa mvuke wa sumu.

Tundu litafute kabla ya kuongeza, si baada. Anza na macho. Panapovuja gesi oili nayo inatoka, na vumbi linaganda juu yake, kwa hiyo doa la mafuta lenye vumbi kwenye kondensa, kwenye maungio au chini ya klachi ni ushahidi. Kisha povu la sabuni, polepole, kila ungio, ukianza na ile midomo miwili ya kujazia, vifuniko vikiwa vimetolewa. Watu huiruka midomo hiyo na ndiyo inayovuja mara nyingi.

Na kama fundi atataka kuujaribu mfumo mtupu kwa presha, atumie naitrojeni kavu. Upepo wa kompresa ya matairi unaleta maji. Oksijeni ya kuchomelea kamwe, oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

MamaProbox

Nimerudi. Nimepaka povu kama ulivyosema. Kondensa safi, maungio safi. Kwenye mdomo wa L povu linapanda taratibu, linapasuka, linapanda tena. Kifuniko hakikuwepo kabisa, sijui kilipotea lini.

Baridi_ya_Pwani

Umelipata dada. Ndani ya mdomo huo kuna valvu ndogo inayofanana na ya tairi, lakini si ya tairi, usikubali kuwekewa ya tairi, mpira wake hauvumilii gesi hii. Kifaa chenyewe ni kidogo na rahisi, ila kukibadilisha mfumo lazima uwe mtupu au fundi awe na kifaa cha kukitoa gesi ikiwa ndani. Usijaribu kukifungua na gesi yake, kitaruka na oili yote itafuata. Kwa leo tafuta kifuniko chenye oringi nzima, kikaze kwa mkono. Kifuniko ni kizuizi cha pili na kitapunguza uvujaji mpaka ufike kwa fundi.

Mzee_wa_Sindano

Binti yangu, akimaliza mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi tarehe, aina ya gesi, gramu alizotoa, gramu alizorudisha, na oili aliyoongeza. Ibandike chini ya boneti kando ya ile ya kiwandani. Akikataa kuandika gramu, maana yake hakupima, tafuta fundi mwingine.

MamaProbox

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Jumatatu naenda nayo.

Bin_Kisauni

Kwangu mshale umekaa saa nzima bila kutikisika, nimeingiza gramu 450 kama karatasi inavyosema. Tundu la katikati linasoma nyuzi 8, gari limesimama. Oili nilirudisha, vifuniko vyote viwili vipo. Shukran sana ndugu yangu, na wewe mzee wetu.